Gololi

Natembea na gololi mfukoni, ya buluu,
niliyomnyang'anya mpwa wangu Krismasi moja,
sijamrudishia. Vifaa vingine ni vya ofisi:
kipima unyevu chenye meno mawili, tochi, ngazi ya kukunja.
Gololi ni yangu.

Nyumba iko Bishophill, ndani ya ukuta wa York,
ukuta ambao watalii hupita juu yake wakilamba aiskrimu,
wakichungulia sufuria za watu.
Orofa tatu, kila orofa chumba kimoja na kipande,
imemwegemea jirani
kama mlevi na shemeji yake wakirudi harusini.

Bi Edna Thackray alifungua kabla sijabisha.
"Wewe ndiye daktari?"
"Wa nyumba."
"Basi vua viatu. Mgonjwa hapendi matope."

Nyumba njema si mlango, na mlango huu
hata rangi huwezi kuubadili bila barua kwa halmashauri,
na halmashauri hujibu majira yakishageuka.
Nikaingia ndani.

Miaka arubaini na mmoja amelipa kodi hapa,
ishirini na sita kati yake akifungasha chokoleti kiwandani.
Hali chokoleti. Mwenye nyumba alikufa Septemba,
wanawe wanauza. Wanunuzi wako kusini,
wanataka kufuli la namba mlangoni
na wageni wa usiku mbili mbili.

Nikaiweka gololi sakafuni.
Ikasita, kama inayetafakari,
kisha ikashika njia: chini ya meza, kushoto,
ikaupita mguu wa kabati, ikaongeza kasi,
tak!
"Huishia pale," akasema akiwa bado anamimina chai.
"Kila kitu huishia pale. Vitufe, njegere,
meno ya Wilf siku za mwisho."

Kwenye fremu ya mlango wa nyuma
mistari ya penseli, na mwaka kando ya kila mstari.
Nikatabasamu. Watoto, nikasema, wamekua wapi siku hizi?
"Sina watoto," akasema. "Huo ni mto."

Mstari wa juu kabisa ulinifika kiunoni.

Nikachoma ukuta kwa yale meno mawili. Ukalia.
Nikachoma mwingine. Ukalia zaidi.
Ndipo akanishika mkono, vidole baridi, vina nguvu:
"Andika unyevu kwa herufi kubwa.
Andika ukungu. Andika nyufa. Andika mizimu ukipenda.
Waogope."

Sikuongeza chumvi. Ripoti yangu haikuhitaji chumvi,
kuta zenyewe zilikuwa zinaitoa.
Boriti imeliwa, bomba la moshi limeinama,
msingi sijauona, na niliandika hivyo: sijauona.
Kurasa thelathini na nne. Usiku ule,
katika chumba ninachopanga Acomb juu ya duka la kamari
(nimepima nyumba mia sita na ushei,
sina hata moja),
nilijisomea kwa sauti, na nikalala usingizi wa mwenye haki.

Wiki ya tatu wakala akapiga simu, amechangamka.
Wanunuzi wameisoma yote, mstari kwa mstari.
Wameshusha bei pauni elfu kumi na nane.
Wenye mali wamekubali.
"Kazi nzuri," akasema. "Wanakushukuru sana."

Aprili nilipita pale. Kikasha cha namba kando ya mlango,
ua la plastiki, zulia linalosema karibu.
Dirishani kijana alikuwa akipiga picha ya sakafu,
akicheka, akimwonyesha mwenzake jinsi inavyokwenda mrama.
Ndipo nikaupapasa mfuko, nikakumbuka:
gololi sikuiokota.

Edna yuko Huntington sasa, ghorofa mpya, ya tatu,
lifti, kengele ya kuvuta ukianguka bafuni.
Nilimpigia. Sikujua niseme nini, nikauliza kama pana unyevu.
"Hata tone," akasema.
Kimya. Birika likaanza kunguruma upande wake.
"Jana nimeangusha kitufe," akasema.
"Kimebaki pale pale kilipoangukia.
Nimekitazama asubuhi nzima."